Shangazi, mama akila wali sukari inapaa, akiacha wali anazimia. Tumfuate nani?

Asalaam aleikum Shangazi,

Nakuandikia kutoka Lamu, huku Langoni, na naomba usinichoke manake barua ni ndefu na nyumbani kwetu sa hii kila mtu amekuwa daktari.

Mamangu ana miaka 61 na anaugua sukari miaka kama minane hivi. Kazi yake ni mahamri na mbaazi, anauza alfajiri hapo barazani na mtaa mzima umekula mkononi mwake. Yaani unga ndio maisha yake, usiku anakanda, alfajiri anakaanga, anaonja moja kuona kama iliki imekolea, anaonja la pili na mbaazi, chai ya maziwa iko pembeni. Dawa anakunywa aina mbili, metformini na glibenklamidi.

Kliniki walimpa karatasi ya chakula. Imeandikwa asiache wanga, ale wanga kila mlo, ugali wa dona badala ya sembe, mkate wa brauni, chapati za ata, matunda kila siku, mafuta apunguze, nazi asiguse, na katikati ya milo atafune kitu kidogo asikae na njaa. Amefuata wallahi. Chapati tulihamia za ata, mtuzi tukawa tunampikia wake mbali bila tui, jioni anakula ndizi yake kama alivyoambiwa. Na sukari haishuki. Asubuhi kabla hajala ni 11, ni 12, na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, mara ya mwisho kilikuwa asilimia 9.4. Akienda wanamwambia hafuati masharti, dozi wanaongeza. Anarudi nyumbani analia Shangazi, anasema mimi nakula kama kifaranga na bado wananiona mwongo.

Sasa kakangu yuko Mombasa na yeye kazi yake ni kututumia vidio kwa simu, ati wanga ni sumu, ati madaktari wanajua na wanaficha ili dawa ziuzwe, ukiacha wali na ugali na mkate na matunda yote sukari inapona na dawa unatupa. Mama kwa ule uchungu aliokuwa nao akakata wanga wote kwa mpigo. Asubuhi mayai, mchana samaki na mchicha, usiku samaki tena, chai kavu. Vidonge aliendelea navyo vilevile kwa sababu mimi ndiye niliyekataa visitupwe. Na sukari ikashuka kweli, tukaona 8, tukaona 6, nyumba nzima ikafurahi, kaka akawa shujaa.

Kisha alfajiri moja namkuta jikoni amekaa chini kando ya karai, moto umewaka, jasho linamtiririka hadi leso imelowa, mikono inatetemeka, namwita ananiangalia tu halafu ananiita jina la dadake aliyefariki zamani. Mimi nilidhani ni kiharusi. Jirani ndiye aliyejua, akakoroga sukari kwenye maji akamnywesha pole pole. Nilipokumbuka mashine na kumpima ilisema 2.7, na hapo ameshakunywa yale maji. Akarudi akili zake, akalala, mchana akaamka kama hakuna kitu.

Toka siku hiyo nyumba imegawanyika. Baba anasema si mmeona, mwili wa mama yenu unataka wali, mrudishieni wali wake. Kaka anasema hapana, dawa ndizo zilizotaka kumuua, tupa dawa. Mama mwenyewe amerudi kwa wali na sukari imerudi 15 baada ya chakula. Mimi niko katikati sijui nimfuate nani. Je karatasi ya kliniki ni makosa? Na kuna hii ya Ramadhani, mwaka jana alifunga kwa shida sana na ameshasema atafunga tu, iwe iwavyo.

Na tafadhali usinambie tu "muone daktari", daktari tunamuona kila siku.

Binti wa Langoni, Lamu

*

Waaleikum salaam mwanangu. Pole sana, na mama mpe pole yangu, na mwambie kabla ya yote mimi namwamini. Mtu anaweza kuifuata ile karatasi neno kwa neno na sukari yake isishuke, na nitakueleza kwa nini. Lakini wacha nianze na ile alfajiri ya jikoni kwa sababu hiyo ndiyo inayoua, hayo mengine yana muda.

Ile glibenklamidi kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, ile homoni inayoshusha sukari, na hailisukumi kwa kuangalia umekula nini, linatoa tu, umekula hukula. Dozi ya mama ilipandishwa kidogo kidogo kwa miaka ili ipambane na wali na chapati na mahamri na ndizi ya jioni. Siku mlipoondoa vyote hivyo, dawa ilibaki palepale na nguvu zake zilezile, haina cha kupambana nacho, ikashusha sukari mpaka chini. Ndio maana nasema baba ameona nusu na kaka ameona nusu. Mwili wa mama haukuwa unalilia wali, na dawa peke yake haikutaka kumuua, ni vile katika viwili hivyo kimoja kilibadilishwa na kingine kikaachwa. Metformini haifanyi hivyo, yenyewe peke yake ni nadra sana kumwangusha mtu. Ni hiyo nyingine, na insulini, ndizo ambazo mtu hatakiwi kabisa kukata wanga huku anaendelea nazo kwa dozi ya zamani. Yaani dawa inapunguzwa kwanza au siku ileile ambayo chakula kinapunguzwa, na anayeipunguza ni aliyeiandika.

Halafu kuna jambo lingine ambalo nataka uende nalo kliniki. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO, yenyewe inasema glibenklamidi haifai kwa mtu aliyepita miaka 60, manake kwa wazee inakaa mwilini muda mrefu na ile kuanguka kwa sukari inaweza kurudi tena hata baada ya mtu kuzinduka. Mama ana 61. Kuna ndugu yake inaitwa gliklazidi ambayo ni salama zaidi kwa umri huo, na kuna uwezekano akipunguza wanga vizuri asiihitaji hata hiyo.

Ikitokea tena, na naomba Mungu isitokee: sukari chini ya 4, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, mpime, ikiwa bado rudia, ikipanda mpe kitu cha kula. Kama hawezi kumeza au amezimia usimtie kitu chochote mdomoni, atapaliwa, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali. Na kwa dawa hiyo anayotumia, hata akizinduka apelekwe hospitali akaangaliwe, msimwache alale kama mlivyofanya siku ile. Jirani yenu alimwokoa mama, Mungu amlipe, lakini ule usingizi wa baada yake ndio ulionitisha mimi niliposoma barua yako.

Na mpaka mfike kliniki msimkatishe wanga tena. Ale kidogo kila mlo, kiasi kimoja, asirukishe mlo akiwa amemeza kidonge. Hilo mlishike kwanza.

Sasa tuje kwa karatasi.

Wanga wote mwanangu, uwe wa dona, wa sembe, wa mchele, wa muhogo, wa ata, ukifika tumboni unavunjwavunjwa unakuwa glukosi, na glukosi ndiyo hiyo sukari inayosomwa na mashine yako. Dona ina nyuzi zaidi na vitamini zaidi, hiyo ni kweli, siikatazi. Lakini watu wameaminishwa kwamba ukibadilisha rangi ya unga umemaliza kazi. Mkate wa brauni na mkate mweupe ukivipima kwa kasi ya kupandisha sukari, kwenye ile mizani ambayo glukosi yenyewe ni 100, mweupe uko kama 75 na wa ngano nzima kama 74. Tofauti ni hiyo. Kwa hiyo mama alitoka chapati nyeupe akaenda chapati za ata, akala ngapi sijui lakini bila shaka zilezile, na kongosho lake halikuona nafuu yoyote.

Kuna daktari mmoja wa Uingereza, David Unwin, wa mji wa Southport, alichoka kuwaelezea wagonjwa wake kwa lugha ya gramu akaamua kuwaelezea kwa vijiko vya sukari. Kwa hesabu yake wali uliopikwa gramu 150, ambao ni sahani ndogo tu na hata haitoshi kumshibisha mvuvi, unapandisha sukari ya damu sawa na vijiko 10 vya chai vya sukari. Hebu fikiria mtu ambaye chai yake ameiacha kavu kwa uchungu, halafu mchana anapakuliwa sinia. Mama hajadanganya mtu, alinyimwa tu hii hesabu.

Na kutafuna kitu katikati ya milo, jamani. Ushauri ule unaeleweka kwa mtu anayetumia insulini au hivyo vidonge vya kusukuma kongosho, ni wa kumzuia asianguke. Lakini kwa mtu ambaye asubuhi tu yuko 12, ile ndizi ya jioni inamkuta sukari bado haijashuka kutoka mchana, inapanda juu ya nyingine.

Kaka anasema wanaficha. Hapa ndipo nataka umsomee hii barua, kwa upole. Hakuna aliyeficha, mambo haya yana historia na historia yenyewe iko wazi. Kabla ya insulini madaktari walikuwa wanajua vizuri kwamba wanga ndio unaopandisha. Ufaransa, mji wa Paris ulipozingirwa na majeshi mwaka 1870 hadi 1871 chakula kikawa adimu, na daktari mmoja anaitwa Bouchardat akaona wagonjwa wake wa sukari, sukari kwenye mkojo inapungua, watu wana njaa lakini ugonjwa unatulia. Kisha insulini ikagunduliwa Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa kwanza akachomwa sindano yake, watoto waliokuwa wanakufa wakawa wanaishi, na kwa kuwa sasa kuna dawa ya kushughulikia wanga, ukali wa masharti ukalegea. Baadaye, miaka ya 1970, hofu ikawa ni moyo, wagonjwa wa sukari wengi wanakufa kwa moyo, mafuta yakaonekana ndio adui, na ukimpunguzia mtu mafuta lazima umjazie kitu kingine. Wakamjazia wanga. Chama cha kisukari cha Marekani mwaka 1979 kilikuwa kinasema nusu ya chakula au zaidi, mpaka asilimia 60, iwe wanga. Karatasi nyingi za kliniki unazoziona zimenakiliwa kutoka ushauri wa zama hizo, nakala ya nakala, na nesi anayekupa naye amepewa.

Lakini chama hichohicho mwaka 2019 kiliandika kwamba katika njia zote za kula, kupunguza wanga kwa jumla ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kurekebisha sukari ya damu. Na wale wa Uingereza, Diabetes UK, mwaka 2021 wakakubali kwamba kwa watu wazima wenye sukari ya aina ya pili, ile ambayo mwili una insulini lakini haifanyi kazi vizuri, na uzito mkubwa ni njia nzuri na salama kwa muda mfupi, ila si kwa watoto. Sasa hao ni madaktari, kaka. Wao ndio waliopima, wao ndio waliobadilisha. Ushauri ulibadilika, karatasi ya mama haikubadilika.

Na mimi sitaki uende upande wa pili ukaamini kwamba wanga ndio kila kitu. Mwaka 2021 walikusanya majaribio 23 ya kupunguza wanga wakayachapisha kwenye BMJ, jarida la udaktari la Uingereza. Miezi sita baadaye, kwenye yale majaribio yaliyopima hilo, waliopunguza wanga asilimia 57 sukari yao ilikuwa imerudi chini ya kiwango cha ugonjwa, wale wa masharti mengine asilimia 31. Tofauti kubwa. Mwaka ukifika tofauti inafifia, na sababu moja ni kuwa watu wanachoka wanarudi kwa mkate wao. Halafu kuna jaribio la Newcastle na Glasgow, linaitwa DiRECT, la Roy Taylor na Mike Lean, matokeo yalitoka 2017. Hao waliwapa watu kinywaji cha unga wa lishe, kalori kama 850 kwa siku, miezi mitatu hadi mitano, na baada ya mwaka asilimia 46 walikuwa hawana tena sukari bila dawa yoyote. Waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86. Na kile kinywaji zaidi ya nusu ya kalori zake zilikuwa wanga! Kilichowaponya ni yale mafuta yaliyokaa kwenye ini na kongosho kuondoka, yaani uzito. Kwa hiyo kaka akisema wanga ni sumu, muulize hao walipona vipi. Kupunguza wanga kunasaidia kwa njia mbili, sukari haipandi baada ya kula na tumbo linapungua, lakini mtu akipunguza wanga halafu akala nyama choma ya mafuta na korosho kilo nzima, uzito haushuki na ini linabaki vilevile.

Kitu kingine nikwambie ukweli usije ukavunjika moyo baadaye: wale wa DiRECT walikuwa na ugonjwa chini ya miaka sita na hakuna aliyekuwa kwenye insulini. Mama ana minane. Inawezekana akafika mahali pa kuacha dawa zote, inawezekana asifike. Lakini kutoka 9.4 kuja 7 na kitu, na dawa chache, na asianguke, hiyo ni macho yake, ni figo zake, ni miguu yake. Mimi ningeridhika sana na hiyo.

Tuje jikoni sasa, na hapa mna bahati ambayo watu wa bara hawana, kitoweo kiko mlangoni. Changu, tafi, nguru, kolekole, pweza, ngisi, kamba, kaa, vyote hivyo wanga wake ni kama hakuna. Mtu wa Lamu akiambiwa ajaze sahani kwa samaki badala ya wali hajaambiwa ale kitu kigeni. Shida yetu ni kwamba wali tumeufanya ndio chakula, samaki ni wa kulia wali. Mgeuzie mama. Aanze na samaki na mboga, mchicha, bamia, biringani, majani ya mronge, ale mpaka njaa ivunjike, halafu wali uje mwisho kwenye kisahani, vijiko vitatu vinne, na achari yake. Kula kwa mpangilio huo, wanga mwisho, peke yake tu kunapunguza ule mpando wa baada ya chakula. Na dawa ikishapangwa upya, si kabla, usiku asile wali kabisa, wala chapati. Wali wa kiporo najua utaniuliza, watu wanasema ukilala unapungua sukari, ni kweli kidogo, wanga wake sehemu unagoma kusagwa, lakini kidogo yenyewe ni kidogo, usimpe sahani nzima kwa sababu ni kiporo.

Asubuhi ndio ngumu kwa kazi yake. Hamri ni unga mweupe, sukari, na mafuta, hakuna namna ya kulitetea, lakini mbaazi ni kitu kingine, zina wanga lakini zina nyuzi nyingi na protini, zinasagwa pole pole. Ningependa mama ale bakuli dogo la mbaazi na yai la kuchemsha, hamri lisiwepo. Na kuonja aonje kipande, amega, ladha ya iliki inajulikana kwa tonge moja, mtu amekanda mahamri maisha yake yote hahitaji mawili mazima kujua. Au wewe binti ndiye uonje. Wateja wake wasibadilishiwe kitu, hiyo ni riziki yake na hakuna aliyesema aiache.

Tui mlilomnyang'anya, mrudishieni kiasi. Nazi wanga wake ni mdogo sana, iliyo nayo ni mafuta, na mafuta hayapandishi sukari. Lakini ni mafuta mazito yanayopandisha lehemu mbaya, yaani kolesteroli, sasa mpikieni kwa tui jepesi, lile la pili la tatu, tui bubu lisiwe la kila siku, na mwaka huu apimwe lehemu. Samaki wa kupaka mara moja moja, mbona isiwe. Nilihuzunika kusoma kuwa mama anapikiwa mtuzi wake mbali kama mtu aliyefungwa, na wote mnaweza kula mtuzi mmoja, tofauti iwe ni wali tu.

Matunda, papai kipande, pera, chungwa moja, hayo yana nafasi. Embe zima la msimu na ndizi mbili kwa pamoja hayana. Juisi hapana, hata ya ukwaju ikiwa na sukari, hata ya embe "isiyo na sukari" manake embe ndiyo sukari. Dafu kidogo sawa, asilifanye maji ya kunywa kutwa. Kahawa chungu anywe kwa raha yake, shida ya kahawa chungu ni ile halua inayokaa karibu nayo.

Baada ya kula asilale. Atoke, atembee pole pole mpaka ufuoni na kurudi, robo saa hivi, misuli ikifanya kazi inachukua sukari kwenye damu hata kama insulini haifanyi kazi vizuri.

Sasa, hayo yote nimesema mimi, na mimi simuoni mama. Anayemuona ni mashine. Miaka ya 1960 kupima damu ilikuwa kazi ya hospitali tu. Alikuwepo mhandisi wa Marekani, Richard Bernstein, anaugua sukari ya aina ya kwanza, ile ambayo mwili hautoi insulini, tangu utotoni na mwili umeanza kuharibika, mwaka 1969 akapata mashine iliyokuwa inauziwa hospitali na madaktari peke yao, aliipata kwa jina la mkewe aliyekuwa daktari. Akawa anajipima mara nyingi kwa siku, anaona chakula gani kinafanya nini, na baadaye akaenda kusomea udaktari mwenyewe. Ninyi mashine mnayo, inakaa kabatini mnapima asubuhi tu. Asubuhi inakwambia usiku ulikuwaje, haikwambii wali ulifanya nini. Mpime kabla ya mlo, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza, na uandike kwenye daftari, alikula nini, kiasi gani, ilikuwa ngapi ikawa ngapi. Mlo mmoja kwa siku inatosha, leo cha asubuhi, kesho cha mchana. Mnatafuta iwe chini ya 10 baada ya saa mbili. Kitu kikimpeleka 15 ni kikubwa mno kwake, hata kama karatasi imekiruhusu, hata kama kwa mwingine hakina neno. Muhogo wa nazi unaweza kumkataa na mbaazi zikamkubali, hamtajua mpaka mpime.

Stripu za kupimia ni ghali, najua. Hapo ndipo kaka anapohitajika. Mwambie Shangazi amesema mapenzi yake kwa mama yanaonekana, na badala ya vidio atume stripu kila mwezi, pakti moja, hiyo itamsaidia mama kuliko mtu yeyote anayeongea kwenye simu.

Umesema nisikwambie tu muone daktari, nami nakubali, wacha nikupe cha kumwambia. Nenda wewe mwenyewe na mama, beba daftari, na useme hivi: mama alipunguza wanga, sukari ikashuka mpaka 2.7 na akachanganyikiwa, tunataka aendelee kupunguza wanga taratibu, je hii glibenklamidi tunaipunguza kiasi gani, au tunaitoa, au tunaibadilisha kwa sababu ya umri wake? Usiseme "tumeona kwenye intaneti", sema ile 2.7, hakuna daktari anayeipuuza namba hiyo. Uliza figo zake zikoje, kama zimechoka basi samaki na nyama vina kipimo chake. Kama ana vidonge vya presha waambie pia, manake mtu akipunguza wanga na uzito presha nayo inashuka, anaweza kusimama akapata kizunguzungu. Na wakitaka kumpa dawa mpya zile za kutoa sukari kwenye mkojo, empagliflozini au dapagliflozini, waambie wazi kuwa anakula wanga kidogo, kwa sababu zikikutana na mtu aliyekata wanga sana damu inaweza kujaa asidi huku mashine inaonyesha sukari nzuri tu, na watu wakachelewa kugundua. Ukikutana na nesi anayekaripia, nyamaza, subiri, omba kumuona afisa mwingine. Mna haki.

Na wasomaji wengine mnaosoma hii mkiwa na sukari ya aina ya kwanza, au mna mimba, haya ya mama wa Langoni msiyachukue yakawa yenu. Aina ya kwanza insulini haiachwi hata siku moja, hata kama hujala kitu.

Ramadhani. Ule mwongozo wa IDF, shirikisho la dunia la kisukari, na wenzao wa DAR, muungano wa dunia wa kisukari na Ramadhani, unasema mtu aliyeanguka sukari vibaya ndani ya miezi mitatu kabla ya Ramadhani yuko kwenye hatari kubwa kabisa na asifunge. Kama ile alfajiri ya jikoni inaingia humo, mwambie wazi, na mumpeleke kwa sheikh anayemheshimu amsikie naye, ruhusa ya mgonjwa iko ndani ya Qurani yenyewe. Kama muda umepita na dawa zimepangwa upya, aende kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, apangiwe dozi ya daku na ya futari. Akifunga apimwe mchana na alasiri, wanazuoni wengi wamesema kutoboa kidole hakufunguzi, na mashine ikisema chini ya 3.9 au juu ya 16.7 anafungua palepale hata ikiwa magharibi imebaki dakika tano. Futari yake iwe tende moja na maji, kisha supu ya samaki, kisha akasali. Kaimati na vibibi na mkate wa sinia viende kwa majirani.